Mtu wa Kukaa Benchini

Mbumbuni,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kaka Musyimi,

Salamu za kanisani nimeziacha kanisani. Mimi nakusalimu kama dada yako tu: u mzima? Unakula? Na hayo masharubu umeyanyoa au bado unatisha watoto wa Nuu?

Barua hii anakuletea Faki, yule mnunuzi wa ndengu wa Mwingi. Lori lake limepita hapa sokoni kupakia, na amesema wiki ijayo atakuwa kwenu. Nikamwambia, Faki, kuna mzee huko Nuu masikio yake yamekufa miaka kumi sasa, na macho hayasomi kioo kidogo cha simu, lakini ukimpa karatasi yenye mwandiko mkubwa ni mwalimu mzima. Akacheka. Kumbe anakujua. Anasema humuuzii mtu ndengu kabla hujamhubiria.

Sasa nikupe habari. Nimekuwa mgonjwa kidogo. Tangu Oktoba miguu inavimba, na upande wa kulia, chini ya mbavu, pananiuma. Nikasema ni mashine. Tangu Mutie atuache nasimamia ile mashine ya kusaga unga kutwa nzima, miguu gani haitavimba? Lakini sasa nikipanda ngazi tatu za kanisa napumua kama mbuzi aliyefukuzwa. Nikaenda hospitali ya Wote nikapigwa picha, wakanituma Nairobi, huko nako nikapigwa nyingine. Wanasema kuna uvimbe kwenye ini na utatolewa. Si jambo kubwa.

Ninachokuomba ni kimoja. Nje ya mlango wa chumba cha upasuaji kuna benchi refu la mbao. Nimeliona kwa macho yangu. Kila anayeingizwa mle ana mtu wake pale nje, ameshika leso na chupa ya chai, anamngoja. Nesi akaniuliza, mama, wewe utakuja na nani? Nikamwambia, na kaka yangu. Nilijibu haraka, hata sikufikiri. Sasa njoo, usinifanye mwongo.

Mume wangu angekuwepo nisingekusumbua. Lakini Mutie hayupo, na watoto Mungu hakutupa. Tangu tumzike hujakanyaga hapa kwangu, na sijawahi kukuuliza kwa nini. Sikuulizi hata leo. Njoo tu.

Dada yako,
Kavindu


Nuu,
Jumatano, 22 Januari 2025

Kwa dada yangu Kavindu,

Barua yako nimeipokea kutoka mkononi mwa Bwana Faki saa nne asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya gunia. Nimeisoma mara mbili, kama ninavyosoma kila kitu. Kwa kuwa umeuliza: mimi ni mzima, nakula, na masharubu yako mahali pake wala hayajamkosea mtu.

Nimefurahi kusikia kwamba si jambo kubwa. Madaktari wa leo wanafanya mambo ambayo sisi tulipokuwa wadogo hata mchungaji asingeyaamini. Usiwe na hofu.

Kuhusu kuja, nitakueleza kwa utaratibu. Kwanza, ndengu ziko uwanjani na hazijapurwa. Pili, yule ng'ombe mweupe anakaribia kuzaa, na mara ya mwisho ndama alikaa vibaya. Tatu, mzee asiyesikia honi akitembea Nairobi ni mzigo kwa serikali. Nitagongwa na pikipiki kabla sijaliona hilo benchi lako, halafu tutakuwa wagonjwa wawili na benchi libaki tupu vilevile. Tafuta mama mmoja wa kanisa akusindikize. Kina mama wanajua kukaa hospitalini kuliko sisi.

Nakutumia chupa ya asali. Ni ya mizinga yangu mwenyewe, haina sukari ya mtu.

Nina swali moja. Hao madaktari wamesema uvimbe huo umeletwa na nini? Niandikie walivyosema, neno kwa neno. Tafadhali usisahau.

Ndugu yako,
Musyimi


Mbumbuni,
Jumapili, 2 Februari 2025

Kaka,

Aiya, wewe mtu! Nakwambia nakatwa, unaniletea kwanza, pili na tatu kama ubao wa darasani. Halafu unanipa na mtihani. Asali ni tamu, asante, lakini asali haikai kwenye benchi.

Basi keti vizuri, maana nilikudanganya. Ni jambo kubwa.

Daktari anaitwa Mwau. Ni kijana mpole, wazazi wake ni wa huku kwetu. Alichukua kalamu akanichorea. Hili ni ini, akasema, na huu hapa ni uvimbe. Ni saratani, mama. Halafu akachora mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye ini kuipeleka juu. Ile saratani imeingia ndani ya mshipa, ikapanda nao taratibu kama mzizi unaofuata bomba la maji, mpaka imetokeza kwenye moyo. Iko ndani ya chumba cha upande wa kulia cha moyo wangu sasa hivi ninapokuandikia. Kwenye picha nimeiona ikicheza. Moyo ukipiga, nayo inatikisika.

Kikimeguka kipande kikaenda mapafuni, nakufa papo hapo. Kisipomeguka, moyo utaziba. Labda wiki, labda miezi miwili. Hospitali nyingi humwambia mtu wa namna hii aende nyumbani akaombe. Huyu Mwau anasema wanaweza kujaribu. Watanipasua kifua na tumbo siku moja. Wataufunga mwili wangu kwenye mashine inayopiga damu badala ya moyo, wausimamishe moyo wenyewe, waufungue, watoe huo uchafu, halafu wakate nusu ya ini. Hakunificha kitu. Naweza kufia mezani. Nikitoka, nitapata mwaka, labda miwili, akijalia Mungu zaidi, kwa sababu ugonjwa huu una tabia ya kurudi.

Swali lako sasa. Aliniuliza pombe, nikamwambia mimi ni mama wa kanisa. Akanipima virusi vya ini, sina. Ndipo akaniuliza mahindi. Anasema yale mahindi yaliyoota kuvu, ya kijani, ukiyala yanaharibu ini polepole hata miaka ishirini baadaye. Nikamwambia tulikula kama watu wote wa huku walivyokula. Hilo ndilo jibu, neno kwa neno. Umefurahi?

Siku waliyonipa ni Alhamisi, tarehe 27. Karatasi ya kukubali sijaweka sahihi. Kisu sikiogopi, Musyimi. Ninachoogopa ni kusukumwa kwenye kile kitanda, nigeuze kichwa pale mlangoni, nisione mtu hata mmoja anayenijua. Kina mama wa kanisa wamenitolea damu, Mungu awabariki, lakini wao wana waume na mbuzi na wajukuu. Mimi nina wewe tu.

Ukija, naweka sahihi. Usipokuja, nabaki hapa na mashine yangu mpaka siku itakayofika. Mpe Faki jibu.

Kavindu


Nuu,
Jumanne, 11 Februari 2025

Kavindu,

Siwezi kuja. Naomba usiniulize sababu, na usidhani ni ng'ombe.

Lakini weka sahihi. Nakuomba kwa jina la mama yetu, Mwaitu aliyetubeba sisi wawili, weka sahihi. Usiyatundike maisha yako kwenye shingo ya mtu asiyefaa.

Musyimi

[Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine:]

Mama Kavindu, shikamoo. Mimi Faki. Barua za watu sizisomi, wallahi, na hii sijaisoma. Nakwambia nilichokiona tu. Mwalimu alinikalisha kwake saa tatu nzima akiandika na kuchana, akiandika na kuchana. Alichochana ni kingi kuliko hiki alichonipa. Na mle ndani hakuna chungu kilichopikiwa kitu leo. Samahani kama nimeingilia.


Mbumbuni,
Jumapili, 23 Februari 2025

Musyimi,

Nimeweka sahihi. Usijipigie makofi, si kwa ajili yako.

Jumatano nilikuwa na barua yako mfukoni, na nilikuwa nimeshaamua kubaki. Akaja mama mmoja kijana na debe la mahindi nimsagie. Nilipochota konzi moja nikanusa. Nikamwambia, haya sisagi, yarudishe, usiwape hata kuku. Akanitukana. Wote hunitukana. Tangu ninunue hii mashine nimekuwa nikirudisha mahindi mabovu, na hapa sokoni wananiita mjuaji, wengine wanatembea mpaka ng'ambo ya mto kusagisha kwa mtu asiyenusa. Nikamtazama yule mama akiondoka na debe lake kichwani na mtoto mgongoni. Nikafikiri, mimi nikifa, nani atanusa hapa? Nikampigia daktari nikamwambia nakuja.

Karatasi ilikuwa na mahali pa kuandika ndugu wa karibu, jina na namba ya simu. Nikaandika jina lako. Nesi akauliza, anapatikana? Nikamwambia anapatikana. Najua husikii, lakini sikuwa na namba nyingine ya kuandika, Musyimi. Nilikaa na ile kalamu muda mrefu nikitafuta kichwani, sikupata hata moja.

Faki ameniambia atafika kwako Jumatano. Alhamisi weka simu mahali utakapoihisi ikitetemeka. Hata kama hutasikia lolote, angalau utajua kwamba kuna mtu anaulizia.

Nimekukasirikia, na nakukosa. Yote mawili ni kweli. Natoka kesho alfajiri, peke yangu.

Kavindu


Mwingi, ghalani kwa Faki,
Ijumaa, 28 Februari 2025

Kavindu,

Sijui nakuandikia wewe au nawaandikia watu watakaofungua mfuko wako wa nguo. Naandika hivyohivyo. Gari la Nairobi linaondoka baada ya saa moja, na Faki amenipa daftari hili la kuandikia magunia.

Jana niliifunga simu kifuani kwa kitambaa, chini ya shati, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Sikwenda shambani. Sikufanya chochote. Nilikaa kwenye kigoda uani nikaingoja kama mtu anayengoja hukumu. Saa nane kasoro ikatetemeka. Nikaitoa, nikabonyeza, nikapiga kelele: "Mimi ndiye ndugu yake! Sisikii! Semeni yuko hai?" Nikaiweka sikioni. Kavindu, hakuna kitu. Kimya kilekile cha miaka kumi. Nilijua kuna mtu anaongea, nikajua anasema ama umekufa ama uko hai, na maneno hayo yako hapa kwenye shavu langu, siwezi kuyapata. Ikakatika. Ikatetemeka tena. Nilipokea mara nne, na mara nne nikapiga kelele. Mbwa alikimbia.

Nikatembea hadi dukani kwa Kathini. Akapiga ile namba, akaniandikia kwenye karatasi ya sukari walichosema: habari za mgonjwa hupewa ndugu yake tu. Akawaambia, ndugu mwenyewe yuko mbele yangu, hasikii. Wakasema, basi aje mwenyewe.

Basi nakuja mwenyewe. Lakini sitaingia mlango huo kabla sijakwambia nilichochana mara nyingi.

Mwaka ule wa 2004, mwaka wa mahindi ya sumu, maafisa walipita Nuu wakikusanya mahindi yaliyoota kuvu ili yachomwe. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza, mwalimu mkuu, nikawaambia wazazi wote watoe. Nikatoa magunia manne mbele yao, wakapiga makofi. Mengine mawili nikayaficha stoo ya shule, nyuma ya madawati. Nilifikiri mahindi mazuri tuliyoahidiwa badala ya hayo hayatafika, na kweli yalichelewa. Ndipo nikasikia kwako hakuna chakula. Nikayachambua kwa mkono, nikatoa ya kijani, nikayaosha, nikayaanika tena. Yakapendeza. Nikakuletea hayo magunia mawili, nikakwambia ni mahindi mapya niliyonunua Kyuso.

Baada ya wiki tano tukamzika Mutie, macho yake ya manjano. Nikasimama kaburini nikasema maneno mazuri, nawe ukanishukuru. Ulinishika mkono ukanishukuru, Kavindu. Tangu siku hiyo nikashindwa kukanyaga kwako. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Masikio yalipokufa nikashukuru, maana nilipata sababu.

Ndiyo maana nikakuuliza uvimbe umeletwa na nini. Nilitaka uniambie ni kitu kingine.

Nimemuua mume wako, na sasa nakuua wewe. Ukinifukuza nitaondoka. Lakini kama uko hai, nifukuze kwa mkono wako mwenyewe.

Musyimi


Nairobi, wodi ya wagonjwa mahututi,
Jumapili, 2 Machi 2025

[Katika daftari hilohilo la magunia, kwa miandiko miwili inayopokezana. Wa Kavindu unapanda na kushuka. Bado ana mpira wa kupumulia kooni na hawezi kusema.]

Kavindu: Umenyoa.

Musyimi: Faki alisema wasingeniruhusu kuingia nikifanana na mwizi wa ng'ombe. Usiandike sana. Nesi anatuangalia.

Kavindu: Aangalie. Umefika lini?

Musyimi: Ijumaa jioni. Ulikuwa umelala na mipira kila mahali. Nilikushika mguu. Nilimpa nesi barua nikamwambia akupe ukiamka.

Kavindu: Amenishikia karatasi, nimesoma yote leo asubuhi.

Musyimi: Basi nifukuze.

Kavindu: Nilijua.

Musyimi: Ulijua nini?

Kavindu: Siku ileile. Ulipoondoka tu nikafungua gunia nikanusa. Mwaitu alitufundisha wote wawili kunusa mahindi, au umesahau? Uliyaosha, ndiyo. Harufu haioshwi.

Musyimi: Kwa nini basi ulipika?

Kavindu: Hakukuwa na kitu kingine ndani ya nyumba. Siku mbili tulikuwa tumekunywa maji na majani ya kunde. Nikayakoboa maganda yawe muthokoi, nikayaosha tena mara tatu, nikaomba, nikapika. Mutie nikampa sahani kubwa kwa sababu ndiye aliyekuwa akichimba mtaro. Mimi nilikula kidogo. Kila siku, wiki zile zote, yeye kubwa, mimi kidogo. Ndiyo maana yeye alikufa na mimi nikabaki.

Musyimi: Acha. Pumzika.

Kavindu: Sijamaliza. Nilidhani hukuja miaka hii yote kwa sababu ulijua ni mimi niliyempakulia. Alikuwa rafiki yako kabla hajawa mume wangu. Nilidhani huwezi kunitazama.

Musyimi: Nilikuwa siwezi kujitazama mimi.

Kavindu: Ndiyo maana ya ile mashine. Nilitaka ninuse ya kila mtu.

Musyimi: Miaka ishirini, Kavindu.

Kavindu: Ishirini na mmoja. Wewe ni mwalimu, hesabu vizuri.

Musyimi: Nalia, na nimeona nesi anacheka. Amedhani ni furaha.

Kavindu: Na si furaha?

Musyimi: Sijui ni nini. Daktari Mwau ameniandikia ukurasa mzima. Moyo wameusafisha, unapiga wenyewe. Ulisimama dakika thelathini na nane. Ndipo waliponipigia simu, walitaka kuniambia moyo umewashwa tena. Nusu ya ini imetoka. Anasema mwaka, labda miwili, na kwamba mahindi ya msimu mmoja hayawezi kubeba lawama yote, tumekula kuvu tangu utotoni. Sijui kama anasema kweli au ananihurumia.

Kavindu: Chukua vyote viwili. Ng'ombe mweupe?

Musyimi: Amezaa Jumatatu. Mtamba. Kathini anamkamua.

Kavindu: Basi huna kwanza, pili wala tatu.

Musyimi: Sina.

Kavindu: Pale mlangoni, waliponisukuma, niligeuza kichwa.

Musyimi: Najua.

Kavindu: Kulikuwa na mzee mmoja amelala na kofia usoni. Nikajidanganya ni wewe. Nikaingia hivyo.


Nairobi, benchini,
Jumapili hiyohiyo, saa kumi alasiri

Kavindu,

Nesi amenitoa. Anasema umechoka, na kesho asubuhi watakutoa ule mpira kooni, utaweza kusema. Amenionyesha kwa vidole kwamba nirudi saa tatu. Nimemkubalia kwa kichwa, lakini siendi popote.

Nitakapoingia kesho utakuwa na sauti na mimi sitaisikia. Usijali. Sema tu, sema yote, nitakutazama mdomo. Na ukipona kiasi cha kusafiri tutarudi Mbumbuni pamoja. Wewe utakaa kwenye kiti ukinusa, mimi nitasimamia mashine. Wakitutukana mimi sitasikia, na wewe utanyamaza.

Naikunja karatasi hii nimpe nesi akuwekee chini ya mkono. Benchi ni refu kweli, kama ulivyosema. Nimekaa upande wa mlango, mahali ambapo mtu akisukumwa ndani akigeuza kichwa ananiona. Hapa wako watu wanne, kila mmoja anamngoja wake. Mama aliye karibu nami ameniuliza kitu, nikamwonyesha masikio, naye akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu: Unamngoja nani?

Nimechukua kalamu nikamwandikia jina lako.

Kaka yako,
Musyimi